Rubani Aliyetufundisha Kulaza Ndege

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kurusha ndege za kampuni yetu, rubani mkuu wa njia za vijijini anastaafu. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake kamili na cheo chake. Hapa kiwanjani, kuanzia fundi hadi wagonjwa anaowabeba, anaitwa Shangazi, na sijamsikia akiitika jina jingine kwa haraka. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye ninayekaa na redio na kumwambia upepo unatoka wapi, kwa hiyo inadhaniwa nimemsikiliza kuliko wengine. Ni kweli. Niombe radhi mapema tu kwamba ninaandika mtoto akiwa mapajani, na baadhi ya aya zitaishia pale atakapoamua yeye.

Wenzetu wa makao makuu ambao hawajafika kwetu wajue kwanza palivyo. Hakuna lami. Ni uwanja mrefu wa nyasi, chumba kimoja cha kusubiria, banda la fundi, mlingoti wenye mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo, na choo ambacho mlango wake unataka mtu aushike kwa ndani. Ndege hulala hapa, na mara mbili kwa wiki huenda mjini na kurudi. Huleta dawa, barua na mitihani ya shule. Huondoka na wagonjwa wanaokwenda hospitali kubwa, ambao kwa barabara wangetumia siku nzima na kufika wakiwa wagonjwa zaidi ya walivyoondoka.

Ndege yenyewe ni ndogo na ni ya bawa la chini. Viwanja vya nyasi kwa kawaida hupelekewa ndege ambazo mabawa yake yako juu ya madirisha, mbali na vichuguu na majani marefu. Ya kwetu mabawa yako chini ya miguu ya abiria, na ukisimama kando yake yanakugusa pajani. Ilipoletwa, fundi wetu alishika kiuno, akaizunguka, akauliza kama makao makuu wametuletea ndege au meza. Shangazi akamjibu kwamba ndege ya bawa la juu humpa mtu kivuli, na hii itampa kiti. Tangu siku hiyo wawili hao hunywa chai yao ya asubuhi wakiwa wamekaa juu ya bawa, pale kwenye ukanda mweusi panaporuhusiwa kukanyagwa, wakigombana kama watu waliozaliwa tumbo moja. Abiria wageni hawaujui huo ukanda. Kila wiki yuko mmoja atakayepeleka mguu pasipohusika, na kila wiki sauti ya Shangazi hufika mpaka barabarani: "Baba, hapo si ngazi! Hapo ndipo tunapopungia upepo!"

Kuhusu chai hiyo nitasema ukweli, maana wasifu usiwe sifa tupu. Shangazi hajui kupika chai. Anaipika kama anayejaza mafuta, mpaka ukingoni, haraka, bila kuonja. Fundi ameinywa miaka yote hii bila kuilalamikia hata mara moja, naye ni mtu anayelalamikia jua.

Alianza kazi akiwa msichana, akirusha ndege za mizigo kwenye viwanja vya lami, na alipopewa njia ya kwetu wenzake walimpa pole kana kwamba amefiwa. Yeye alifika, akaegesha ndege, akavua viatu, akatembea uwanja mzima kwa miguu mitupu, kwenda na kurudi. Watu walidhani ameweka nadhiri. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yake inaanza. Mpaka leo, mvua ikinyesha, Shangazi haamini macho wala mdomo wa mtu yeyote. Anashika viatu mkononi, anakwenda. Kisigino kikizama, ndege hairuki wala haitui, na usimletee maneno. Kisigino kikikaa juu, twende. Miguu hiyo haijatuvunjia propela hata moja kwenye nyasi hizi, wala haijatugharimu abiria hata mmoja.

Kuna siku kisigino kilizama na mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi na mfuko wake wa vipimo, anasubiri kupelekwa hospitali. Watoto wake walikuja juu. Shangazi hakubishana nao. Aliagiza drafti ya fundi, akakaa mbele ya yule mzee, wakacheza hadi jua likaukausha uwanja. Mzee alimfunga mara nyingi mno. Ndege ilipopaa mchana akawa bado anamcheka kutoka kiti cha nyuma. Amepata nafuu, na akija kuchukua dawa zake huwa anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyemshinda rubani. Haongezi kwamba ni kwenye drafti.

Halafu kuna ng'ombe. Uwanja wetu una majani matamu, na jirani zetu wafugaji wanalijua hilo. Kabla ya kutua, Shangazi hupita chini mara moja juu ya uwanja ili kuwafukuza, kisha anazunguka na kurudi. Zamani walikimbia. Siku hizi wanainua vichwa, wanamtazama, wanaendelea kula. Basi redioni ninasikia sauti yake, imetulia kabisa: "Mwanangu, waheshimiwa wamekaa kikao katikati ya njia. Waombe waahirishe." Ninamfunga mtoto mgongoni, nachukua fimbo, nakwenda kuahirisha kikao.

Sasa niseme kuhusu kutua kwenyewe, maana hapo ndipo penye habari ya mwaka huu.

Ndege ya bawa la chini ina tabia yake. Ikikaribia nyasi, hewa hujikusanya chini ya bawa kama mto wa kulalia, na ndege inaona raha, haitaki kukaa. Ukiwa umekuja na mwendo mkubwa, ndiyo kabisa, inaelea juu ya nyasi, inaelea tu, na uwanja unakwisha. Shangazi huiita ndege ya namna hiyo mgeni anayeaga mlangoni. Kasema kwaheri, kashika kitasa, kakumbuka hadithi nyingine. Dawa yake, anasema, si kumsukuma. Ukiilazimisha ndege kushuka, itaruka kama mpira na kuchimba ardhi kwa pua. Ama uje polepole tangu mwanzo, ama uongeze moto uondoke, ukazunguke na kuja upya bila aibu.

Na hata ukija polepole, kwenye nyasi hutakiwi kuitupa chini. Unaizuia isikae. Unaizuia, unaizuia, mpaka yenyewe ichoke, iguse kwa magurudumu makubwa mawili ya nyuma. Lile dogo la mbele, la pua, unalishikilia hewani kadiri uwezavyo, lishuke la mwisho, kwa uzito wake lenyewe. Likishuka mapema kwenye ardhi laini linazama, na propela inafuata.

Kwa miaka mingi, mtu wa kampuni yetu aliyeidhinishwa kufanya hivyo kwenye uwanja wetu alikuwa Shangazi peke yake. Ndiyo maana barua ya kustaafu ilipomfikia mara ya kwanza tulimsihi aombe kuongezewa muda, akaomba, na ya pili vilevile. Mwanzoni mwa mwaka huu ikaja ya tatu, nayo haikuwa na mazungumzo. Ilisema kwamba akiondoka pasipo rubani mwingine aliyefaulu kutua hapa mbele ya mkaguzi, kiwanja kitafungwa. Hakuna dawa mara mbili kwa wiki. Hakuna wagonjwa kupaa. Mimi na fundi tungehamishiwa mahali penye lami, na yule mzee wa drafti angepanda basi.

Rubani aliyeletwa kufundishwa tulimpa jina Kiberenge kabla hajamaliza wiki. Ni kijana mwenye adabu na moyo mweupe, lakini anafanya kila kitu kwa mwendo. Anakula amesimama. Anasalimia akiwa ameshakupita. Na alitua hivyohivyo. Alikuja juu ya nyasi kama anayekimbizwa, ndege ikaelea hadi kwa majirani, na mimi nikawa natamka upepo redioni huku nimefumba jicho moja. Mkaguzi alipokuja mara ya kwanza aliandika neno moja tu, "Bado," akaondoka.

Shangazi hakumgombeza. Alimkalisha juu ya bawa, akamnywesha chai yake, jambo ambalo fundi alisema ni adhabu tosha. Kisha wakarudi angani, siku baada ya siku, mpaka Kiberenge akajifunza kuja polepole. Ikabaki pua. Akishagusa tu kwa magurudumu makubwa, anashusha pumzi, anashusha na pua, pwaa! Fundi akanyoosha gurudumu lile mpaka akaapa kwamba linamjua kwa jina.

Hapa inabidi nimtaje mwanangu, ambaye kiwanjani anaitwa Abiria. Abiria alizaliwa na msimamo mmoja, kwamba kulala ni mikononi tu. Ukimweka godoroni, macho yanafumbuka kabla kichwa hakijagusa. Nilirudi kazini nikisinzia wima kama mlingoti wa upepo. Siku moja Shangazi alinikuta chumba cha kusubiria nimempakata, mikono imekufa ganzi, machozi yananitoka bila sauti. Hakunipa pole nyingi.

"Mlete," akasema. "Nikuonyeshe kutua."

Akamshusha. Makalio kwanza, akayaacha yazoee godoro. Kisha mgongo, ukijilaza wenyewe. Kichwa akakishikilia juu mpaka kikawa kizito, kikashuka chenyewe. Wala hakuchomoa mkono. Aliuacha chini ya shingo, akitazama dirishani kama mtu asiye na haraka duniani, mpaka pumzi za mtoto zikawa ndefu. "Magurudumu makubwa kwanza," akaninong'oneza. "Pua mwisho. Na usikimbilie breki, utamwamsha." Abiria akalala. Mimi nikalala kwenye benchi palepale, na redio akaishika yeye. Shangazi hakujaliwa kuzaa. Amelea watoto wa kaka zake na wa dada zake, wengine sasa wana watoto wao, na nadhani kila mmoja wao alitua hivyo.

Kwa hiyo asubuhi moja, Kiberenge alipokwisha kuipiga pua chini mara nyingine tena, Shangazi alizima injini, akamleta kwangu.

"Nawa mikono," akamwambia. "Leo hatupai. Leo unamlaza huyu."

"Shangazi, mimi rubani jamani, si yaya."

"Mlaze kwanza. Vyeo tutagawana baadaye."

Nilikubali, ila niliweka sharti. Akilia mara mbili, basi, kwa sababu mwanangu si chombo cha mafunzo. Mara ya kwanza Kiberenge alimweka kama anayeshusha gunia, na Abiria akatoa sauti iliyowainua ng'ombe. Fundi, aliyekuwa dirishani akijifanya mkaguzi, akatangaza, "Gurudumu la pua limekwenda! Leteni jingine!" Nikambembeleza mtoto hadi akasinzia tena. Mara ya pili Kiberenge aliogopa, akabaki amemning'iniza juu ya godoro, hashuki wala hapandi. "Anaelea huyo," akasema fundi. "Mafuta yatamwishia." Abiria akafumbua macho, akalia. Nikasema basi. Kiberenge akanitazama kwa macho ya mtu aliyefeli mara mbili kwa siku moja.

"Dada, mara moja tu," akasema. "Safari hii sina haraka."

Sijui kwa nini nilimpa. Labda kwa sababu lilikuwa neno ambalo hatujawahi kulisikia kinywani mwake. Alimshusha makalio, akangoja. Mgongo, akangoja. Kichwa akakizuia, akakizuia, mpaka kikajikalia chenyewe. Abiria alikuwa anakoroma. Kiberenge akabaki ameinama, mkono umenaswa chini ya shingo, jasho linamtoka, ananong'ona, "Sasa natokaje hapa?"

"Hutoki," akasema Shangazi. "Unangoja." Akaenda kuchemsha chai.

Mkaguzi alirudi wiki tatu zilizopita. Alikuja kwa barabara, na mgongo wake ulikuwa umeshaelewa kwa nini ndege inahitajika. Mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi Shangazi alivua viatu, akaenda hadi mwisho wa uwanja na kurudi, nasi wote tukimtazama miguu. Kisigino kilikaa juu, kwa shida. Akatikisa kichwa kukubali. Wakapanda, Kiberenge kushoto kwenye usukani, Shangazi kulia kwake, mkaguzi nyuma. Kabla mlango haujafungwa nilimwona Shangazi akiweka viganja vyake chini ya mapaja, akavikalia. Miaka yote hii mikono hiyo haijawahi kutua hapa ikiwa imekaliwa.

Walipaa, wakazunguka, wakaja. Walikuja kwa mwendo. Hofu ilimrudisha Kiberenge kwenye tabia yake ya zamani. Ndege ikafika juu ya nyasi ikaelea, ikapita mlingoti, ikapita banda, bado imeelea, na mimi nikajua anachojaribiwa kufanya, kuisukuma chini tu, yaishe. Ardhi ilikuwa laini. Ingekuwa propela, na pengine zaidi ya propela. Shangazi amenieleza baadaye kwamba mikono ilikuwa inampiga mateke kama mtoto tumboni, naye akaikalia.

Injini ikanguruma. Ndege ikainuka, ikapita juu ya waheshimiwa, ikaondoka. Kiberenge alikuwa ameamua mwenyewe kuja upya.

"Tumefungwa," akasema fundi, akaketi juu ya debe.

Kazi yangu hainiruhusu kumtia rubani moyo. Inaniruhusu kusema upepo. Nikashika redio nikasema upepo umetulia, na nikalisema polepole kuliko ninavyosema siku zote.

Mara ya pili alikuja kama mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Ndege ilishuka juu ya nyasi, akaizuia. Pua iko juu, inachungulia. Akaizuia. Magurudumu makubwa yakagusa, maji yakaruka pande mbili kama mbawa za pili, na pua bado iko juu. Ikabaki juu. Ikapita mlingoti ikiwa juu. Kisha ikainama yenyewe, taratibu, kama kichwa kilichozidiwa na usingizi. Hakugusa breki. Ndege ikajichokea mbele ya banda, ikasimama. Fundi aliinua mikono apige makofi, akamwona Abiria amelala mgongoni mwangu, akaishusha.

Mkaguzi aliteremka kwa kukanyaga ukanda mweusi sawasawa, akasema, "Amefaulu," akauliza choo kiko wapi. Tulimtuma mtu akashike mlango.

Shangazi hakuja kwetu. Alivua viatu, akarudi uwanjani, na Kiberenge akamfuata. Nyasi mbichi hazifichi kitu. Michirizi miwili ya magurudumu makubwa ilianza kwa wepesi, kama imechorwa kwa kidole, ikaendelea miwili, miwili, mbali sana, ndipo ukajiunga wa tatu katikati. Shangazi akasimama pale unapoanzia huo wa tatu. Akaukanyaga kwa kisigino. Haukuwa na kina. Kiberenge, bila kuambiwa, akavua viatu vyake naye.

Nilipowafikia kumpelekea Shangazi kitambaa cha kufutia miguu, alikuwa bado anautazama ule mchirizi. Akanigeukia, akaweka kidole mdomoni.

"Amelala," akasema.

Kuanzia juma lililofuata, anayekagua uwanja kwa miguu mitupu ni Kiberenge. Kiwanja chetu hakifungwi. Yule mzee ameshapewa tarehe ya safari yake ijayo, na ameulizia kama rubani mpya anacheza drafti.

Shangazi, umeniuliza kama unaweza kuwa unakuja siku za ndege, kutazama nyasi tu. Njoo. Bawa lina nafasi yako, na fundi hajui kunywa chai nzuri, ataugua. Lakini utakuja kama mgeni. Hutashika redio, hutawafukuza ng'ombe, na mvua ikinyesha utabaki na viatu vyako miguuni. Umeaga mlangoni mara mbili tukakurudisha sisi wenyewe. Safari hii tunakufungulia mlango, na hatukusukumi.

Kwa niaba ya fundi, Kiberenge, abiria wote uliowashusha salama, na Abiria mmoja anayelala godoroni kwa sababu yako, asante. Tutakushusha kama ulivyotufundisha, taratibu, kichwa mwisho, na mkono hatutauchomoa mapema. Tunakuombea siku ndefu na nyasi fupi.